Matanga Katika Ukumbi wa Kijiji

Usiku ule ulianza jua likiwa bado limekaa juu ya paa la kanisa. Ndivyo kulivyo Uingereza katikati ya mwaka: saa tatu usiku mtu anasoma gazeti nje bila taa, ndege wanaimba, na wewe uliyetoka kazini unaambiwa ulale. Nilivuta pazia, mwanga ukapenya pembeni. Sikuuamini usiku wa namna ile. Nilikokulia mimi, jua likishatua kila mtu anajua yuko upande gani, walio hai kwao na waliokufa kwao. Mwanga ule usiokwisha ulinifanya nihisi kuna mlango mtu ameusahau wazi.

Lakini ndoto niliyoota haitaeleweka kwa asiyejua nilikuwa nimelala wapi na nilifikaje pale. Kwa hiyo nianzie njiani.

Mimi ni Mzaramo wa Maneromango. Jina langu Kondo. Nilipomaliza kidato cha nne sikungoja mtu anipangie maisha, nilipanda lori la mizigo nikawa utingo. Kwenye lori lile nilimkuta Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, na kwa hiyo mtani wangu kabla hata hatujasalimiana. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zamani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kukasirika. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kuuvuruga msiba. Analizuia jeneza njiani, anavaa nguo zako, anatembea ulivyokuwa ukitembea, anasema ulivyokuwa ukisema, mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Kazi ile mtu mwingine hana ruhusa ya kuifanya. Na hawezi kuifanya mpaka uwe umekufa kweli.

Maganga nilimpeleka nyumbani mara nyingi. Mama alikuwa akimwona tu anaanza: "Haya, Mnyamwezi amekuja, ficheni sufuria!" Naye anajibu, "Mama, nimetumwa kuwafundisha Wazaramo kufanya kazi, lakini nimekuta bado mnacheza ngoma." Wanacheka, anapakuliwa wa kwanza.

Alifariki kwa homa Kapiri Mposhi, mimi nikiwa na lori jingine upande wa Lubumbashi. Nilifika siku ya tatu, kaburi limekwisha kukauka. Sikumfanyia utani wake. Tangu hapo sikutaka tena kurudi kaskazini. Nikateremka Lusaka, nikateremka Harare, nikafika Durban, nikaosha vyombo hotelini, kisha nikapata kazi ya kumtunza mzee mmoja aliyepooza. Kila nilipoondoka mji nilimpigia Mama simu: nikifika nitakupigia. Miaka kumi na moja ikapita hivyo hivyo. Mzee yule alipofariki, wanawe waliniandikia barua nzuri, na barua ile ndiyo iliyonipeleka Uingereza kutunza wazee wengine.

Ndege ilikuwa ya usiku kucha. Nikatoka kwenye ndege nikaingia basi kubwa, nikatoka kwenye basi nikaingia treni, treni ikaniacha kwenye stesheni isiyokuwa na mtu hata mmoja, nikangoja basi dogo ambalo huja mara mbili tu kwa siku. Dereva akanishusha, akaniambia nimefika. Kumbe kuna vijiji viwili vya jina moja, kimoja Kikubwa na kingine Kidogo. Mimi nilitakiwa Kidogo, yeye alinishusha Kikubwa. Nikatembea na begi langu kati ya vichaka vilivyokatwa sawasawa kama nywele za askari, mvua ikininyeshea kidogo kidogo. Gari moja likapita, likapunguza mwendo, likanitazama, likaenda.

Nilipoona mnara wa kanisa nikajua nimefika. Kanisa lenyewe ni la mawe, na watu wenyewe hawakubaliani lina umri gani. Mbele yake kuna lango lenye kijipaa cha mbao na benchi la jiwe katikati. Siku nyingi baadaye nilielezwa kazi yake: zamani jeneza lilitulizwa pale, waliolibeba wakipumzika, wakimngoja kasisi atoke kulipokea. Nilipoelezwa hivyo nilicheka peke yangu. Nikajisemea, hapa ndipo mtani angesimama.

Upande wa pili wa barabara kuna baa ya zamani iliyoezekwa kwa nyasi. Kwetu mtu huezeka nyasi mpaka siku atakapopata bati. Pale nyasi ndiyo fahari, na mwenye nyumba akijaribu kuzitoa anashtakiwa. Kuna duka moja, na ndani ya duka kidirisha cha posta. Kuna ukumbi wa kijiji wenye sakafu ya mbao iliyochorwa mistari ya mchezo, na mtungi wa umeme wa kuchemshia chai unaotosha watu mia. Kuna kibanda cha basi cha mawe, chenye majina ya vijana wa pale waliokufa vitani. Na kuna kibanda chekundu cha simu kisicho na simu, ndani wameweka mashine ya kumshtua mtu ambaye moyo wake umesimama. Kila kitu kipo, kila kitu kizima, na kila ukipita pazia linatikisika.

Mama wa dukani, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliniuliza swali moja kwa miaka miwili.

"Unakaa mpaka lini?"

"Bado sijajua."

"Aa. Maana basi la saa nne litafutwa Jumamosi."

"Mimi siondoki Jumamosi."

"Hapana, nakuambia tu."

Sikuwahi kujua kama ananitakia mema au ananionyesha njia. Labda hata yeye hakujua.

Nyumba ya wazee niliyofanyia kazi ilikuwa zamani nyumba ya kasisi, kubwa, yenye ngazi zinazolia. Nilipewa chumba juu, karibu na dari. Miongoni mwa wazee wangu alikuwepo Bi Edith. Mumewe alifariki siku nyingi, lakini kila asubuhi anavaa koti, anashika mkoba, anakaa karibu na mlango kumngoja. Siku ya kwanza, kwa ujinga wangu, nilimwambia ukweli. Alipiga kelele kama aliyeambiwa kwa mara ya kwanza, na kweli kwake ilikuwa mara ya kwanza. Msimamizi akaniita pembeni.

"Usimwambie tena. Ukimwambia kila siku, unamfisha mumewe kila siku."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ametoka kidogo. Ameenda dukani."

Nikajifunza. "Ameenda dukani, Bi Edith." Naye ananitazama kwa jicho moja, mashaka yamejaa. "Tangu asubuhi? Ananunua duka lenyewe?" Tunacheka, tunakunywa chai. Mwongo mzuri nikawa mimi.

Ndiyo maana niliposikia uongo kwenye simu ya nyumbani, niliutambua.

Mdogo wangu Shomari ndiye anayekaa na Mama. Zamani nikipiga, Mama alikuwa anamnyang'anya simu kabla hajamaliza salamu. Kisha ikaanza hivi.

"Mama yuko wapi?"

"Amelala, kaka."

"Saa kumi jioni?"

"Si unajua uzee tena."

"Mwamshe."

"Jamani kaka, nimwamshe mtu anayeumwa?"

"Anaumwa? Umesema amelala."

"Basi anaumwa usingizi." Akacheka. Kicheko kikavu.

Wiki iliyofuata Mama alikuwa anaoga. Iliyofuata ameenda kwenye shughuli ya jirani. Iliyofuata amelala tena. Nikaomba picha. Ikaja picha: Mama amekaa kibarazani, nyuma yake ukuta wa matofali. Nikaitazama picha ile usiku na mchana. Ukuta ule Shomari mwenyewe alikwisha kunionyesha umepigwa lipu tangu mwaka uliotangulia. Picha ilikuwa ya zamani.

Sasa, kwetu mtu aliye mbali haambiwi msiba kwenye simu. Anaambiwa njoo, mzee hajisikii vizuri. Akifika ndipo anaona turubai. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia binamu yangu aliyekuwa Songea kwamba baba yake ameumia kidole cha mguu, akaja mbio akakuta kaburi. Kwa hiyo nilijua kusikiliza. Na Ijumaa moja, nyuma ya sauti ya Shomari, nikasikia watu wengi wanasoma Yasini kwa pamoja.

"Hitma ya nani hiyo?"

"Ya jirani."

"Jirani gani?"

"Kaka, mtandao mbaya huku."

Simu ikakatika. Haikukatika yenyewe.

Nilikaa kwenye ngazi za nyumba ya kasisi nikijua kwamba mama yangu amekufa na wananificha. Ningeweza kununua tiketi siku ile ile. Sikununua. Maadamu sijaambiwa, Mama amelala. Nikisafiri, nitafika nikute kaburi, na safari hii halitakuwa la rafiki. Nikaendelea kupiga simu, nikaendelea kuambiwa amelala, nikaendelea kusema haya, akiamka msalimie. Nilimshuku Shomari, nilimshuku mke wake, nilishuku hata watoto wakipiga kelele nyuma ya simu. Nikaanza kumshuku mama wa dukani kwamba barua ya nyumbani ilikuja akaificha.

Hivyo ndivyo nilivyolala usiku ule uliokuwa na jua.

Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha basi. Hakukuwa na basi, wala sikuwa nalingoja. Mwanga ulikuwa ule ule wa saa tatu, wa manjano, usio na kivuli. Mtu alikuwa amesimama amenipa mgongo, anasoma yale majina ya ukutani kwa kidole, moja moja, kama anayetafuta jina la nduguye kwenye matokeo ya mtihani. Nilimjua kwa shingo.

"Hawa wote," Maganga akasema bila kugeuka, "watani wao ni nani?"

 Nilikumbuka tulivyofundishwa, kwamba maiti akikuita jina usiitike. Lakini hakuniita jina. Nikanyamaza kwa tahadhari, nikamtazama miguu. Alikuwa amevaa viatu vya matairi alivyokuwa akivaa kwenye lori, na havikuwa na vumbi.

Akatoka, nami nikamfuata kwa mbali. Sikuwa namwamini. Nilijisemea, akielekea makaburini nitasimama.

Tunapita kwenye kibanda chekundu cha simu. Simu inalia ndani, mahali ambapo hakuna simu. Nafungua mlango, nashika, nasikia sauti ya Shomari inasema amelala, amelala, amelala, polepole, kama anayembembeleza mtoto. Narudisha simu. Mkononi mwangu hakuna kitu.

Dukani mlango uko wazi. Mama wa miwani anagonga mihuri kwenye bahasha, na kila bahasha ina mwandiko wangu. Ananiuliza kwa Kizaramo safi kama cha shangazi yangu nitakaa mpaka lini. Nataka kumjibu, lakini duka limekwisha kuwa nyuma yetu, na tuko uani kwa baa ya nyasi, na pale kuna masufuria makubwa juu ya mafiga, moshi unapanda kwenye nyasi za paa na hakuna anayeogopa. Wanaume wanachambua mchele. Wananiangalia, wanaangaliana, wanarudi kwenye mchele. Nawajua. Ni wa kwetu. Wote ni wazima, hakuna hata mmoja aliyekufa ninayemwona, na jambo hilo ndilo linalonitia hofu.

"Nani amekufa?" nauliza.

 Mmoja anasogeza mguu ili nipite.

Niko ndani ya ukumbi wa kijiji. Majamvi yametandikwa juu ya ile mistari ya mchezo. Mtungi wa chai unachemka kwenye kona na hakuna anayekinga. Wanawake wamejaa mpaka kwenye jukwaa, na katikati yao amekaa mwanamke amenyoosha miguu, khanga ameifunga kichwani mpaka kwenye nyusi, kama anavyokaa mama aliyefiwa na mtoto.

Ni Mama.

Furaha iliyonipata siwezi kuiandika. Si yeye! Mfiwa hawezi kuwa maiti. Nikamtafuta Shomari, nikamwona amesimama mlangoni na kikombe, mzima. Tumezaliwa wawili tu. Furaha ikaanza kupoa kuanzia miguuni.

Mlango wa nyuma ya jukwaa ukafunguliwa, Maganga akaingia. Amevaa koti langu. Koti la kahawia nililonunua Lusaka, lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine, ambalo nililiacha limening'inia nyuma ya mlango wa chumba changu. Begi ameliweka bega la kushoto kama mimi. Anatembea hatua tatu, anageuka kutazama nyuma, anatembea tena, anageuka. Sikujua kwamba ninatembea hivyo. Nilipomwona nilijua.

Wanawake wakaangua kicheko. "Huyo! Huyo huyo! Ndiye Kondo!"

Maganga anaweka kiganja sikioni kama mwenye simu, anasema kwa sauti yangu, ile ya haraka, ya mtu mwenye basi la kuwahi: "Mama, nikifika nitakupigia!"

Ukumbi mzima unacheka na kulia. Mama anacheka, machozi yanamtiririka, anajipiga paja. "Hivyo hivyo," anasema. "Hivyo hivyo, baba, rudia."

"Mama," nikasema. "Mimi hapa."

Kicheko kikazimika. Mama akainua khanga kutoka kwenye nyusi, akanitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama aliyetoka mbali kuja kumpa pole.

"Karibu, mgeni. Mlikuwa mnafahamiana na mwanangu?"

Sijui nilitokaje ukumbini. Niko kwenye lango lenye kijipaa mbele ya kanisa, na lile benchi la jiwe liko tupu, na Maganga amesimama njiani amepanua mikono.

"Hapiti mtu."

"Nipe njia, mtani."

"Unakwenda wapi?"

 Nyuma yake kulikuwa na makaburi, nyuma yangu kulikuwa na ukumbi. Akavua koti akaninyooshea. Nikarudi nyuma hatua moja. Nilihofu kwamba nikilipokea nitakuwa nimekubali kitu nisichokijua.

Akacheka, kwa mara ya kwanza kwa sauti yake mwenyewe. "Wazaramo bwana. Mnaogopa hata koti lenu."

Akanivika yeye. Lilikuwa na joto la mwili. Akanifunga vifungo kama anayemvalisha mtoto wa shule, na alipofika kile cha rangi nyingine akanitazama usoni, na utani ukamtoka machoni.

"Mimi yangu nimemaliza," akasema. "Lakini matanga yako hayajaanuliwa, Kondo, jamvi bado liko chini. Na kuyaanua si kazi ya mtani."

Aliniita jina, nami nikaitika. "Naam," nikasema kwa sauti, na sauti yangu ndiyo iliyoniamsha.

Saa ya kanisa ilikuwa inagonga mara tano, alfajiri yao, ambapo nyumbani ni saa moja asubuhi. Jua lilikuwa limejaa chumbani. Koti lilikuwa nyuma ya mlango, baridi kama nilivyoliacha. Nilikaa kitandani nikajaribu kuishuku ndoto ile kama nilivyoshuku kila kitu, nikashindwa. Nikapiga simu.

"Kaka? Mbona asubuhi hii?"

"Shomari, usiniambie amelala."

 Nikasikia jogoo wa nyumbani.

"Ile hitma," nikasema, "ilikuwa ya nani?"

"Kaka..."

"Ilikuwa yangu?"

Nikamsikia mdogo wangu, mwanaume mwenye watoto wanne, anaanza kulia. "Nani amekuambia?" akasema. "Tuliapishana. Nani amekuambia?"

Akanieleza yote. Mama yu hai. Lakini akili yake imeanza kupotea, kidogo kidogo, tangu mvua za masika ya mwaka uliopita. Siku moja aliamka akasema Kondo amefariki, mbona hamniambii? Wakamwambia yu hai, yuko Ulaya. Akawaambia mnanificha, mimi ni mtu mzima, najua watu wanavyoficha misiba. Wakampa simu asikie sauti yangu, na siku ile mimi sikujua, nilisema halo halo nikadhani mtandao umekatika. Alipoisikia aliitupa simu, akatetemeka mpaka jioni. Tangu hapo hawakumpa tena.

"Akaacha kula," Shomari akasema. "Kila siku anatandika jamvi anakaa mfiwa. Anatuambia mnamwacha ndugu yenu bila hata Yasini, kama mnyama. Tukaona atakufa kwa kihoro. Tukaita watu, tukasoma. Nisamehe, kaka. Tulikusomea hitma wewe mzima. Siku ile ndiyo alikula."

"Na mlikuwa mnaniambia amelala."

"Tungekuambia nini? Mama yako anakuomboleza?"

Nilitazama nje. Bi Edith alikuwa tayari amekaa chini kwenye benchi la bustani, koti limefungwa mpaka shingoni, mkoba mapajani. Miaka miwili nilikuwa nimekaa na ugonjwa ule chumba kwa chumba, ninaulisha, ninauvalisha viatu, na kwenye simu sikuutambua. Nilikuwa nimeshughulika kutafuta kifo.

"Kuna kingine," Shomari akasema. "Siku ya hitma alikuwa anauliza mtani yuko wapi. Maganga. Anasema matanga gani haya hayana mtani? Tukamwambia Maganga naye alikwisha kutangulia. Akasema, basi vizuri, yeye ndiye atakayemfuata huko aliko."

Sikumweleza ndoto siku ile. Nilimwambia tu kwamba nakuja.

"Kukaa siku ngapi?"

"Nakuja, Shomari."

Ilinichukua siku tisa kumaliza mambo ya kazi. Msimamizi alinipa mkono, akaniuliza kama kuna mtu amenikosea, nikamwambia hapana. Kwa Bi Edith nilikaa kitambo. Hakuniuliza ninakwenda wapi. Alininyoosha kola akasema, "Waambie nimesema usicheleweshwe." Dukani nilinunua maji na biskuti za njiani. Mama wa miwani alitazama begi, akafungua mdomo kwa swali lake, akaufunga.

"Leo," nikamwambia.

Akatoka nyuma ya kaunta, jambo ambalo sikuwahi kumwona analifanya kwa mtu, akanisindikiza mpaka mlangoni. "Nilikuwa nauliza tu ili nijue niagize mchele mpaka lini," akasema. "Hakuna mwingine anayeununua." Nikasimama pale na aibu yangu. Miaka miwili nilikuwa nakula mchele ule bila kujiuliza umefikaje katika kijiji kile.

Basi lilikuja saa nne kamili. Nilikaa kiti cha mbele ili nisigeuke kutazama nyuma.

Njiani Shomari alinipigia. Alikuwa na wasiwasi. Alitaka kujua nitaingiaje nyumbani, kwa sababu Mama akiniona ghafla mlangoni anaweza kufa kwa mshtuko, na tukimwambia mapema kwamba Kondo anakuja hataamini, atasema tumemfanya mtoto.

Nikamwambia asimwambie kitu. Nitabisha hodi kama mgeni, nitangoja nikaribishwe. Akiniuliza kama nilifahamiana na mwanawe, nitasema ndiyo, nilimfahamu. Nitakaa naye jamvini, nimsikilize akinisimulia habari za Kondo, nimlie Kondo pamoja naye siku nyingi kadiri atakavyotaka, na sitambishia. Na siku atakayosema yametosha, sisi wawili tutashika jamvi lile, yeye upande huu na mimi upande ule, tutaliinua.